Damu Aliyoimeza Bi Safi

Watu wakiniuliza shangazi yangu alikufa na nini, nikiwajibu damu ya pua, wananitazama kama mtu aliyeleta mzaha msibani. Wapo wanaocheka kabisa. "Damu ya pua? Hii ya watoto?" Ndiyo, hiyo hiyo ya watoto, ile ambayo mtoto anafutwa kwa kiganja na mchezo unaendelea. Nimechoka kueleza kipande kipande. Leo nasema yote kwa mpigo, na asiyetaka kuamini abaki na ubishi wake.

Tulikuwa watu wanne katika karakana ya kushona magauni ya harusi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo. Mwenye karakana tulimwita Mama Maharusi, kwa sababu kila bibi harusi aliyepanda ngazi zile alikuwa "mwanangu" wake, hata kama ndiyo kwanza anamwona. Shangazi ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Mpiga pasi alikuwa mzee mmoja mwembamba, mdomo wake moto kuliko pasi yake. Na mimi nilikuwa wa shanga: nakaa dirishani nashona shanga na lulu za bandia kwenye vifua vya magauni, moja moja, mpaka macho yanaanza kuona shanga hata ukutani.

Shangazi alikuwa ni dada wa baba yangu. Baba alikuwa dereva wa malori, akaniacha kwake nikiwa na miaka sita, akasema ni kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo hazijaisha mpaka leo. Shangazi hakuwahi kumsema vibaya mbele yangu, ila kila lori likipita kwa kishindo alikuwa akisonya. Na msinianzie ile hadithi ya fundi wa maharusi ambaye mwenyewe hakubahatika kuvaa gauni. Aliolewa mara mbili, gauni akavaa mara mbili, na waume wote wawili aliwafungashia virago kwa mkono wake.

Kazini aliitwa Bi Safi, na jina lilimkaa. Chumba chetu kilikuwa na sheria kuliko mahakama. Viatu unaacha mlangoni. Chai unanywea kwenye ngazi. Mafuta ya nywele marufuku. Ukishika kitasa cha mlango unanawa mikono, ukijikuna kichwa unanawa, ukisalimiana na mteja unanawa. Ukijichoma sindano, kidole kinaingia mdomoni kabla hujasema "aa". Na damu ikishagusa kitambaa, unatafuna kipande cha uzi mweupe mpaka kilowe mate, unagongagonga doa polepole. Mate yawe ya mwenye damu mwenyewe, ya jirani hayasaidii. Hayo mafundi wote wa nguo nyeupe wanayajua, wala sikuwa na ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ulikuwa na sheria ya pua. Ukisikia joto puani, unarudisha kichwa nyuma, uso dari, unameza. Basi. Mle ndani hakuna aliyeuliza kwa nini. Kazi yetu yote ilikuwa chini ya nyuso zetu, mapajani, mezani, miguuni, na ni nyeupe yote. Damu ikishuka imeharibu. Kwa hiyo isishuke.

Shangazi alikuwa na pua ya kutoka damu tangu utotoni. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wake wa kwanza pale, karakana ikiwa bado ya mama yake Mama Maharusi, aliinamia gauni akadondosha tone la damu kifuani pa gauni, kisha la pili kabla hajajua linatoka wapi. Uzi na mate havikufua dafu. Kesho yake bibi harusi akaja na shangazi zake watatu, na yule mama akamsimamisha shangazi yangu katikati ya chumba, gauni kalinyoosha kwa mikono miwili, akamwambia aseme kwa mdomo wake. Akasema: "Ni damu yangu mimi." Mmoja wa wale mashangazi akamwangalia toka kichwani mpaka kwenye nyayo, akasema neno moja tu, "Mkosi," wakatoka. Kisa hicho alinisimulia mara moja, akinisuka, na siku hiyo alinivuta nywele mpaka machozi yakanitoka.

Tangu hapo halikudondoka tone lingine. Miaka thelathini na moja! Ungemwona katikati ya mshono, sindano inasimama, kichwa kinakwenda nyuma chenyewe, anakaa pale kama anayekagua dari. Koo linapanda, linashuka. Baada ya muda anashusha uso, anaendelea pale pale alipoachia. Alikuwa akijivunia, haki ya Mungu. Anamwambia mzee wa pasi, "Damu yangu mimi ina adabu, haishuki mbele ya watu." Na mzee anamjibu, "Inapanda ghorofani, Bi Safi, ndiyo maana una kiburi."

Siku moja likaja agizo kwamba kila mahali pa kazi lazima pawe na mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza. Mama Maharusi akatutazama kwa zamu. Shangazi hatoki, ana mapindo. Mzee hatoki, magauni yatakunjamana. Jicho likatua kwangu. "Nenda wewe," akasema, "shanga zinaweza kusubiri." Ndivyo nilivyopata elimu yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sihitajiki.

Aliyetufundisha alikuwa muuguzi mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku ya pili tukafika kwenye pua. Akatuambia tumwonyeshe mtu akitokwa damu anafanya nini, na sote, watu thelathini kasoro, tukatazama dari kama vifaranga wanaokunywa maji. Mama yule alicheka mpaka akashika meza. "Mmekwisha wote," akasema. "Shusheni hivyo vichwa."

Akatuelekeza, na alivyosema ndivyo ninavyokumbuka. Kaa kitako, usilale. Inama mbele kidogo, kama unayetazama vidole vyako vya miguu. Bana pua kwa vidole viwili, hapa chini penye nyama laini, si kule juu kwenye mfupa, mfupa haujakukosea kitu. Pumua kwa mdomo. Damu ikija kinywani, tema. "Usimeze! Tumbo halitaki damu, litakurudishia. Na damu unayoimeza huioni, utajuaje imetoka kiasi gani?" Kisha ubane dakika kumi kwa saa, bila kuchungulia. "Nyie mnapenda kuchungulia. Ukichungulia, unaanza moja." Isipokata, dakika kumi nyingine. Na ikipita nusu saa bado inatoka, au inarudirudi, au mwenyewe ana presha, ni hospitali. "Leo," akasema, akigonga meza. "Sikusema kesho."

Nikarudi na cheti na kisanduku chenye mfuniko mwekundu. Cheti kikatundikwa karibu na kioo kikubwa, wateja wakione. Kisanduku, baada ya miezi miwili, kilikuwa kimejaa pini.

Mara ya kwanza shangazi kutokwa damu baada ya mafunzo, niliacha shanga zangu zikamwagika. "Shangazi, usirudishe kichwa. Inama."

"Niinamie wapi?"

"Mbele."

"Mbele kuna nini?" akauliza, uso uko dari, akinionyesha kwa kidole. Mbele kulikuwa na mita sita za satini ya mtoto wa watu.

"Basi ondoka hapo, kaa mlangoni, nikuletee karai."

Mama Maharusi akachomoza kichwa nyuma ya kioo. "Na ikirukia?"

"Damu si panzi, Mama."

Mzee wa pasi akacheka puani, kisha akajidai anakohoa. Mama Maharusi hakucheka. "Nimezaliwa humu ndani," akasema, "na hivi ndivyo tunavyofanya, na sijaona aliyekufa. Wewe siku mbili tu umerudi daktari?" Hilo halikuniuma. Lililoniuma ni shangazi, ambaye alishusha uso, akajifuta, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, hayo ni ya watoto wa shule. Pua yangu naijua mimi."

Lakini nyumbani nilimshika. Ilikuwa Jumapili, anamenya viazi, damu ikaanza, na kabla kichwa hakijaenda nyuma nilishamwinamisha juu ya beseni la maganda na kumbana pua. Alinitukana kwa sauti ya bata dakika kumi nzima. "Diache, we btoto!" Nilicheka sana, lakini sikumwachia. Saa ilipofika nikaachia, na damu imekata, kavu. Akajigusa pua. "Kumbe," akasema. Akaendelea kumenya. Baada ya viazi viwili akaongeza, "Lakini hapa hakuna gauni."

Kwa hiyo alijua. Sitaki mtu aniambie hakujua. Wote wawili tulijua.

Sasa ikaja harusi ya binti yake Mama Maharusi. Huyu binti alikulia mle chumbani. Alipokuwa mchanga shangazi alikuwa akimbeba mgongoni huku anakanyaga cherehani, na mtoto akilala kwa ile ngurumo. Gauni lake lilitakiwa kushinda magauni yote yaliyowahi kutoka pale. Lilikuwa na mkia wa kuburuza na pindo la lesi lililoshonwa kwa mkono kuzunguka lote, na mkono wa kufanya pindo lile mjini ulikuwa mmoja. Harusi Jumamosi. Jumatatu lesi ilikuwa haijagusa hata robo.

Jumatatu hiyo damu ilimtoka mara mbili. Jumanne mara tatu. Jumatano akipanda ngazi alisimama katikati, kashika ukuta, ananiambia nitangulie, anafunga kamba ya kiatu. Kiatu chake hakikuwa na kamba. Midomo ilikuwa imepauka. Mgongo ulimuuma kwa kuinama, na vidonge vya mgongo alikuwa akivitafuna kama karanga. Na wakati wa chai, pale kwenye ngazi, akanong'ona kwa hasira, kama ni mimi niliyempikia, "Hivi nimekula nini? Choo changu cheusi kama lami."

Nikamshika mkono. "Shangazi, hiyo ni damu. Ndiyo hiyo unayomeza. Twende hospitali."

"Jumamosi ikipita."

"Twende leo! Jumamosi si harusi yako!"

"Punguza sauti. Si yangu, ni ya mtoto niliyembeba."

"Na mimi? Mimi ulinibeba kwa nini, ili nikuzike?"

Alinitazama, na nikaona amechukia kweli. "Una ulimi mbaya," akasema, akamwaga chai yake yote kwenye ndoo, akarudi ndani. Nikaenda kwa Mama Maharusi. Nikamwambia shangazi anaumwa, si utani, anahitaji daktari. Akaweka chini futi yake ya kupimia, akanishika bega. "Ninaona, mwanangu. Amechoka mno. Pindo likiisha tu, nampa mwezi mzima apumzike, na hospitali nitampeleka mwenyewe kwa gari langu." Na alikuwa anamaanisha. Ningependa awe shetani, ingenirahisishia mambo, lakini alikuwa anamaanisha.

Alhamisi, saa nne asubuhi. Gauni limevalishwa kwenye sanamu la kushonea, lile umbo la mwanamke lisilo na kichwa, mkia umetandazwa juu ya shuka, na shangazi amekaa kwenye kigoda chini yake anamalizia pindo. Bado kama hatua moja na nusu ya lesi. Nikasikia kigoda kimeanguka. Nilipogeuka alishasimama, mkono umefunika uso, anarudi kinyumenyume kuelekea kiti cha ukutani, na kati ya vidole inapita. Hii haikuwa ile ya siku zote. Hii ilikuwa bomba limepasuka.

Mzee wa pasi hakusema neno la mzaha. Alisimamisha pasi, akakimbia nje, akarudi na karai la buluu tulilokuwa tunalowekea vitambaa, akaliweka miguuni pa shangazi. "Bi Safi, inama hapa." Na mimi nilishafika. Mkono wangu ulishafika puani kwake, vidole viwili, pale pale penye nyama laini. Nilikuwa naisikia sauti ya yule muuguzi kichwani kana kwamba amesimama nyuma yangu.

"Toa hilo karai!" Mama Maharusi alikuwa mlangoni. "Toa! Hamwoni gauni liko hatua mbili? Mshike kichwa, wewe, asije akainama!"

Nisikilizeni vizuri hapa. Lile sanamu lilikuwa na magurudumu. Ukilisukuma kwa kidole kimoja linakwenda mpaka chumba cha pili, na kila jioni ndivyo tulivyokuwa tunalihamisha. Tulikuwa watu wanne mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyewaza kulisogeza gauni. Tuliwaza kumsogeza shangazi, kumwinua shangazi, kumzuia shangazi. Gauni tuliliacha pale lilipo.

Nilimtazama shangazi. Kichwa kilikuwa kimeshaanza safari yake ya kwenda nyuma. Akanishika mkono, akautoa puani kwake, akaupeleka mwenyewe nyuma ya shingo yake. "Shika," akasema, na neno lilitoka na damu. "Nisije nikalegea nikainama."

Nikashika.

Mnaweza kusema niliogopa kazi yangu. Hapana. Mnaweza kusema nilimwogopa Mama Maharusi, na hilo lina ukweli kidogo. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba huyu ndiye aliyenilea, tangu miaka sita akisema shika nashika, akisema lete naleta, na mkono wangu ulimtii yeye kabla mimi sijaamua. Hiyo siyo sababu. Naisema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Cheti changu kilikuwa ukutani mbele yangu, usawa wa macho, jina langu limeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Nilimshika dakika arobaini. Shingo yake ilikuwa na jasho la baridi, na chini ya kiganja changu nilisikia kila funda likishuka. Nikajikuta nahesabu. Nilipopita mia nikaacha kuhesabu. Mzee wa pasi alisimama mlangoni na karai lake tupu. Kisha akalirudisha karai nje.

Mwishowe puani pakakauka. "Mungu mkubwa," akasema Mama Maharusi, na akaenda mwenyewe kumletea maji ya sukari. Shangazi akanawa, akabadilisha blauzi, akanawa tena, akainua kigoda chake. Nilimwambia yatosha. Nilimsihi. Akasema, "Hatua moja na nusu." Saa sita binti akaja kujaribu, akapanda juu ya kisanduku, na shangazi akamalizia pindo likiwa mwilini mwake, anamzunguka kwa magoti.

"Shangazi, mbona umepauka hivyo?" binti akauliza.

"Chaki hiyo," akajibu.

Kila mara alikuwa akikata uzi kwa meno. Siku ile alinyoosha mkono akaomba mkasi. Hapo ndipo nilipojua kinywani mwake damu bado inashuka.

Saa nane alifunga fundo la mwisho. Akalizunguka gauni lote mara moja, akainua pindo, akalilaza. Akasema anashuka kupata hewa. Nilimfuata. Ngazi alizimaliza, akapita mbele ya duka la vioo, akakunja nyuma ya jengo pale panapowekwa maboksi matupu, na huko ndiko alikotapika. Nyeusi, na nyekundu ndani ya nyeusi, nyingi mno. Hata matapishi hayo yalingoja mpaka yuko mbali na nguo. Kisha akaanguka juu ya maboksi. Nilimwita mzee wa pasi, tukambeba mpaka kwenye teksi, na mzee akawa analia waziwazi kama mtoto, anasema, "Karai lilikuwepo. Karai si lilikuwepo?"

Hospitali, daktari kijana mwenye miwani akaniuliza, "Ametokwa na damu kiasi gani?"

"Sijui."

"Kadiria. Kitambaa kimoja? Viwili? Nusu beseni?"

"Kidogo tu kwenye vidole. Nyingine hakuna aliyeiona. Ameimeza."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu," nikasema. Nikafikiri, nikasema, "Miaka thelathini na moja." Alinitazama kama nimerukwa na akili, akaandika Jumatatu.

Presha alikuwa nayo ya siku nyingi, hakuwahi kupimwa. Damu mwilini ilikuwa imebaki kidogo kiasi kwamba walipima mara mbili wakidhani mashine imekosea. Vile vidonge vya mgongo, daktari akasema, vilikuwa vinaifanya damu isigande. Wakamwinamisha juu ya bakuli, muuguzi akambana pua, wakamjaza pamba ndani, wakatundika mfuko wa damu, wakaanza kutafuta wa pili. Alikuwa anatii kama mtoto. Nilimkalia karibu, na akageuza jicho kunitazama, akatema kwenye bakuli, akatema na pembeni, kwenye shuka, doa kubwa.

"Ona," akaniambia kwa ile sauti yake ya bata. "Mashuka meupe pe, na hata hawajali."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu yenye maana. Moyo ulimchoka Ijumaa mchana, mfuko wa pili ukiwa nusu.

Harusi haikuahirishwa. Kadi zilishatoka, wageni walishasafiri. Jumamosi binti akaolewa, Jumapili tukazika, na Jumatatu Mama Maharusi akaja kutoa pole, na binti yake amemshika mkono. Chumba kilijaa wanawake, majirani, wateja wa zamani, mafundi wa karakana nyingine. Wakampisha akae. Alikuwa amelia kweli, macho yalikuwa yamevimba. Aliomba kusema maneno machache.

Akasema amemwona Bi Safi kila siku kwa miaka thelathini na zaidi. Akasema dada wa kuzaliwa asingemfaa zaidi. "Na niwaambieni ndugu zangu," akasema, "Alhamisi ile, na hali aliyokuwa nayo, mwanamke yule alimaliza pindo la mwanangu. Ukumbi mzima uliuliza nani kashona. Na hakuacha doa. Hata chembe."

"Fundi kwelikweli," akasema mmoja.

"Wa namna yake hawapo tena," akasema mwingine, na wote wakaitikia, vichwa vinakwenda juu na chini.

Nilisimama. Sikupanga. "Halina doa kwa sababu aliimeza!" nikasema. "Yote aliimeza! Na mimi ndiye niliyemshika kichwa. Karai lilikuwa miguuni pake, nilikuwa najua cha kufanya, nimefundishwa, na nikamshika kichwa dakika arobaini ameze!"

Nikangoja. Nilitaka mtu mmoja tu aniulize, unasemaje? Nilitaka mmoja wao anitazame vile yule aliyesema "Mkosi" alivyomtazama shangazi akiwa na miaka kumi na tisa. Jirani yetu akanivuta nguo. "Kaa, mwanangu. Uchungu huo, hujui unachosema." Mwingine akasema, "Mpeni maji." Nikapiga kelele kwamba najua ninachosema, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kunipa pole, kutoka kila kona, pole mwanangu, pole sana, mpaka nikakaa.

Mama Maharusi akainuka alipokuwa, akaja akapiga magoti mbele yangu, akanivuta kifuani kwake. Nikahisi mdomo wake sikioni. Nilidhani ataniambia ninyamaze. Nilidhani labda, labda, ataniomba msamaha, na nilikuwa tayari kumnyima.

"Usijilaumu," akaninong'oneza. "Ulimshika vizuri."

Nilitaka anipige kofi. Haki ya Mungu, nilitaka anipige mbele ya wote. Badala yake akanifuta uso kwa pembe ya mtandio wake, taratibu, shavu moja kisha jingine, na mimi nikamwambia asante.